Muswada unagusa haki zetu: tuwahi kamati ya Bunge au tusubiri mahakama? Ulinganisho kwa watu wa Mtwara na Lindi

Jibu naliweka juu kabisa kwa wenye haraka. Kama muswada bado haujapita na haukuja kwa hati ya dharura (yaani serikali haijaomba upitishwe haraka kwa kubana hatua), nguvu yenu na vipesa vyenu pelekeni kwenye kamati ya Bunge, mahakama iwekeni akiba. Kama umekuja kwa hati ya dharura, maoni pelekeni hivyo hivyo hata ya ukurasa mmoja, lakini siku hiyo hiyo anzeni kutafuta wakili. Wenye muda tuendelee maana kwenye sababu ndo kuna mambo.

Swali hili linakuja sana msimu wa korosho ukiisha na watu wakawa na nafasi ya kukaa barazani. Wameuliza wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wameuliza wavuvi wa Msimbati, wasaidizi wa kisheria wa Newala, ila alieuliza vizuri kuliko wote ni mzee mmoja wa Nanyamba, sisi huwa tunaitana mjomba: "Mjomba, hao wa kamati wanasikiliza kweli au wanatuita tujaze karatasi ya mahudhurio tu?" Nikamwambia mjomba wanasikiliza, ila inategemea umepeleka nini na umewahi kiasi gani. Akacheka akasema hayo majibu ya mwanasheria. Haya, marefu yake ni haya.

Njia zipo nne na uzito wake haulingani: kamati ya Bunge, mbunge wako, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na mahakama. Mbili za katikati nitazipitia mbio, ubishi wenyewe upo kati ya kamati na mahakama.

KAMATI

Muswada wa serikali unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza bungeni (hapo hakuna mjadala), kisha unapelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Wa kodi na tozo unaenda Bajeti, wa mambo ya mashtaka na mahakama unaenda ile ya Utawala, Katiba na Sheria, wa gesi unaenda kwa wanaoshughulika na nishati. Kamati ndo inaita wadau. Ofisi ya Bunge inatoa tangazo, unaweza kwenda Dodoma ukaongea mwenyewe au ukatuma maandishi. Baada ya wadau kuondoka kamati inakaa na waziri na watu wa Mwanasheria Mkuu, na utamu upo hapo, kwa sababu mabadiliko mengi ya maana hayatokei pale mnapoangalia kwenye tivii, yanatokea kwenye meza ile, waziri akiona hoja ina mashiko anarudi na jedwali la marekebisho, kifungu kinatoka au kinapunguzwa makali kabla mbunge wa kwanza hajasimama kuchangia. Hakuna aliyeshindwa hadharani. Serikali kubadilisha mstari kwenye kitu ambacho bado ni pendekezo sio aibu, kubadilisha sheria iliyokwisha sainiwa na Rais ni habari nyingine kabisa.

Mfano ninaoupenda ni bima ya afya kwa wote. Muswada ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, na ndani yake kulikuwa na lile wazo la kufungamanisha bima na huduma zingine za serikali, yaani huna bima basi leseni ya udereva na vitu kama hivyo navyo vinakuwa shida. Sasa fikiria bodaboda wa Masasi ambaye hela ya bima hana, umnyime na leseni, hiyo hela ataipata wapi? Wadau wakaenda kwenye kamati wakasema. Mjadala uliotarajiwa Novemba 2022 ukaahirishwa, Februari 2023 muswada ukatolewa tena kwenye ratiba kwa sababu serikali na kamati walikuwa hawajakubaliana pesa za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi, na ukaja kupita Novemba 2023. Mwaka mzima na zaidi muswada umekwama kwa maswali. Hakuna aliyelipa wakili wala aliyefungua kesi, na hakuna mtu aliyeumizwa kwanza ndo hoja ipatikane. Hilo la mwisho naomba mlitie akilini, nitalirudia kwenye mahakama.

Ila nisiwauzie kamati kama dawa ya kila kitu, huku kusini tuna mfano wa kinyume chake na bado unauma. Sheria ya korosho ya 2009 ilikuwa inarudisha asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi inayosafirishwa nje kwenye sekta yenyewe. Mwaka 2018 ukaja muswada wa sheria ya fedha, zote ziende Mfuko Mkuu wa Serikali. Angalia safu tuliyokuwa nayo mwaka ule: Waziri Mkuu ni wa Ruangwa, mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ni Hawa Ghasia, mbunge wetu wa Mtwara Vijijini, wabunge wa Lindi na Mtwara wanapaza sauti humo ndani mpaka jasho. Kifungu kikapita Juni 2018. Mtu atasema hiyo ni hela sio haki za binadamu, sawa, nakubali, lakini inaonesha ukomo wa kamati: inashauri, inabana, inachelewesha, inaandika ripoti inayosomwa bungeni, ila serikali ikishaamua kabisa na ina kura, kamati haina kura ya turufu.

Na kuna hati ya dharura. Hii ndo inaua kila kitu nilichosema hapo juu. Muswada ukija kwa hati ya dharura hatua zinabanwa, wadau wanaitwa leo waje kesho kutwa. Sheria tatu za gesi za mwaka 2015, ya petroli, ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi na ile ya uwazi kwenye uziduaji (uchimbaji wa madini, mafuta na gesi), zote zilikwenda kwa hati ya dharura Julai 2015, Bunge likiwa na vurugu na wabunge wa upinzani wanatolewa nje. Miaka miwili tu baada ya zile vurugu za bomba la gesi za Mei 2013 ambazo sisi wa Mtwara hatuhitaji kukumbushwa! Watu waliokuwa na maswali mengi kuliko wote nchi nzima kuhusu gesi ndo hao waliotakiwa wasome miswada mitatu ndani ya siku za kuhesabu, tena ya Kiingereza. Baadae Juni 2019 marekebisho ya sheria mbalimbali yaliyogusa asasi, takwimu, filamu na kampuni yakaenda kwa mtindo ule ule. Kwa hiyo ukisikia muswada unakuja swali la kwanza usiulize unasemaje, uliza umekuja kwa utaratibu gani.

MAHAKAMA

Mahakama ina kitu ambacho kamati haitakuwa nacho hata siku moja: inaweza kusema sheria hii batili. Katiba ibara ya 64(5) iko wazi kwamba sheria inayopingana na Katiba ni batili, ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kwenda kuitetea Katiba mahakamani, na ibara ya 30(3) inakuelekeza Mahakama Kuu. Ukisoma kwenye karatasi unaona mbona rahisi.

Sasa njoo kwenye uhalisia. Kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu ndoa za watoto, vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 14 au 15 kuolewa. Mahakama Kuu ikampa ushindi Julai 2016. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani ikakazia ushindi ule ule Oktoba 2019, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Mwaka ukaisha, sheria iko pale pale. Ni ushindi mkubwa sana na mimi nauheshimu, lakini binti aliyekuwa na miaka 13 siku kesi inafunguliwa alishakuwa mtu mzima kabla kifungu hakijaguswa. Na huo ni mfano wa kushinda. Kuna za kushinda chini ukapoteza juu: kifungu cha 148(5) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kile kinachofanya baadhi ya makosa yasiwe na dhamana, Mahakama Kuu ilikiangusha Mei 2020 na Mahakama ya Rufani ikakirudisha Agosti mwaka huo huo. Miezi mitatu tu shangwe imekwisha. Upande mwingine kuna cha 148(4), cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) kuzuia dhamana kwa hati yake, hicho kilianguka mpaka Rufani mwaka 2018, kwa hiyo sio kwamba haiwezekani.

Alafu mlango wenyewe uliwahi kubanwa. Mwaka 2020 sheria inayosimamia kesi za haki za msingi ilirekebishwa, ikawa lazima uapie kwamba wewe mwenyewe, binafsi, umeathirika na jambo unalolalamikia, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoliondoa sharti hilo mwaka 2025. Kabla ya hapo asasi ingeweza kusimama kwa niaba ya wote. Miaka ile ilikuwa lazima apatikane mtu aliyeumia, akubali jina lake liandikwe, avumilie miaka. Huku kwetu ambako kila mtu anajuana na kila mtu, kumpata huyo mtu haikuwa mchezo. Kwenye kamati hata miaka ile hukuhitaji majeruhi: unaenda na kifungu na hoja.

Wengine wanasema basi twende Arusha. Arusha kuna mahakama mbili msizichanganye. Ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuliondoa tamko lililokuwa linaruhusu mtu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja, kwa hiyo kwa kesi mpya njia hiyo kwa mwananchi imefungwa. Ile ya Afrika Mashariki ipo wazi, huhitaji kumaliza mahakama za ndani kwanza, ila una miezi miwili tu tangu sheria ipite au tangu ulipojua. Miezi miwili! Huku Tunduru au Liwale kuna sheria tunazisikia baada ya mwaka. Walioiwahi walipata kitu: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilipelekwa pale, Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na marekebisho ya Bunge yakaja 2023. Piga hesabu, 2016 mpaka 2023, waandishi miaka yote hiyo wanafanya kazi chini ya vifungu vile.

Kwa hiyo ukiziweka ubavu kwa ubavu: kamati ni ya mapema, bei rahisi, haihitaji mtu aliyeumia, ila haimfungi mtu mikono. Mahakama ni ya kuchelewa, ghali, ila ikisema imesema, na hata hapo ibara ya 30(5) inairuhusu badala ya kufuta sheria iipe serikali muda wa kuirekebisha, na huo muda mmeshaona unavyokwenda.

MBUNGE NA TUME

Mbunge ni wa bure na yupo, mkamateni akija jimboni. Anaweza kuleta jedwali lake la marekebisho muswada ukifika kamati ya Bunge zima (wabunge wote wakikaa kama kamati). Tatizo ni kwamba akifika peke yake muda ule, msimamo wa chama umeshapangwa na sauti za "siyo" zinafunikwa. Mbunge mzuri zaidi kwenu ni yule ambaye ni mjumbe wa kamati iliyopewa muswada, hata kama ni wa Kagera. Huyo ndo wa kumpigia simu.

Tume ina ofisi Lindi na inafaa sana kwa malalamiko ya kitu kilichokwisha tokea, mtu kapigwa, mtu kafukuzwa kwenye ardhi. Inaweza pia kushauri serikali kuhusu sheria. Lakini kwa muswada unaokimbia, mi nisingeitegemea peke yake, ningewapelekea nakala ya maoni yetu basi.

WENZETU WANAFANYAJE

Uingereza wana kamati maalum ya pamoja ya haki za binadamu tangu 2001, wajumbe 12, sita toka kila moja ya mabaraza mawili ya Bunge lao, na kila waziri anayeleta muswada lazima chini ya sheria yao ya haki za binadamu ya 1998 aandike kama kwa maoni yake unaendana na haki au la. Australia nao walitunga sheria mwaka 2011, kamati ya wajumbe 10 inapitia kila muswada na hata kanuni za mawaziri, na kila muswada unakuja na tamko la haki. Finland ndo kali zaidi, kamati yao ya katiba ikisema kifungu hiki kinagongana na katiba basi kinarekebishwa, Bunge halibishani nayo.

Cha kuvutia ni sababu. Uingereza mahakama haiwezi kufuta sheria ya Bunge, inatangaza tu kwamba haiendani na haki. Australia kwenye katiba yao ya taifa hawana hata sura ya haki za binadamu kama yetu. Kwa hiyo wamelazimika kuipa kamati kazi kwa sababu mahakama yao kwa hilo haina meno. Sisi tuna haki kwenye Katiba tangu 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani 1988, mahakama ina meno, na nadhani hapo ndo tulipolala, tukaona kazi ya haki ni ya majaji. Muswada wetu unakuja na "Madhumuni na Sababu" kwa nyuma, waziri anaeleza nia yake, lakini hakuna sehemu inayomtaka aseme kifungu hiki kinagusa haki gani na kwa nini imebidi. Wala hakuna kamati moja ambayo kazi yake ni hiyo tu. Haki zinagawanyika, kidogo Bajeti, kidogo Katiba na Sheria, na ukikuta kamati ambayo hamna mjumbe mwenye jicho hilo, imepita.

Wala msidhani huko kwao ni peponi. Australia malalamiko ya siku zote ni kwamba ripoti ya kamati inatoka wakati mwingine muswada umeshapita. Yaani hata mwenye kamati maalum anashindwa na saa. Ndo maana mi kipimo changu cha kwanza ni muda, sio ubora wa hoja.

KWA MTU WA HUKU HASA

Kutoka Mtwara mpaka Dodoma kupitia Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na barabara ikikatika Somanga kama kimbunga Hidaya kilivyofanya Mei 2024 hata Dar hufiki. Tangazo la wadau mara nyingi linakupa siku chache. Kwa hiyo msipange safari ya watu watano na fulana, tumeni maandishi, na kama kuna mtu wenu anaishi Dodoma, mtoto wa mtu anasoma UDOM, awapeleke kwa mkono.

Maandishi yenyewe ndo yanaamua. Nimeona maoni ya kurasa nane yanayoanza na historia ya Mwalimu na kuishia "tunaomba haki itendeke". Hayo hayafanyi kazi hata kidogo. Sekretarieti ya kamati inatengeneza jedwali, kifungu namba hii, mdau anasema nini, anapendekeza nini. Wapeni kitu kinachoingia kwenye jedwali: kifungu cha 14(2) kinasema afisa ataingia ndani ya nyumba bila kibali; ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na makazi yake; pendekezo, ongeza maneno "kwa kibali cha mahakama". (Namba ya kifungu nimetolea mfano tu.) Alafu mistari miwili ya huku kwenu, kwamba ghala za wakulima wetu zipo ndani ya nyumba wanazolala, kwa hiyo kukagua ghala ni kuingia chumbani kwa mtu. Hiyo mistari miwili hakuna wakili wa Dar anayeweza kuiandika, na ndo thamani yenu. Lugha isiwatishe tena, tangu 2021 lugha ya sheria ni Kiswahili.

Haya yote niliyosema, isipokuwa kwenye sheria ndogo. Hapa mpangilio wote unageuka, na kwa mkulima na muuza samaki sheria ndogo za halmashauri ndo zinamgusa kila siku kuliko sheria kubwa. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo lakini inazipitia zikishachapishwa, yaani zikishaanza kuuma. Inafaa, imekuwa ikiibua vifungu vinavyozidi mamlaka ya sheria mama na kutaka virekebishwe, ila kwa kuwahi njia yenu ni halmashauri: inatakiwa iwatangazie wakazi na kupokea maoni kabla haijapeleka kwa waziri kuidhinishwa. Diwani ndo mtu wenu hapo, sio mbunge. Kama tangazo halikubandikwa, hiyo yenyewe ni hoja ya kuipeleka kwenye Kamati ya Sheria Ndogo, na hapo mnaweza kuandika barua moja tu.

Mjomba wa Nanyamba aliniuliza mwisho, je wakituma maoni na kamati ikayapuuza, si wamepoteza? Hapana mjomba. Nakala yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa itunzwe kwa msaidizi wa kisheria, nyingine AMCOS. Sheria ikipita na kifungu chake, mnajua ilipita siku gani, miezi miwili ya Arusha inaanza kuhesabika mkiwa macho, na wakili mtakayempata anakuta hoja imeshaandikwa kifungu kwa kifungu na ushahidi kwamba serikali iliambiwa mapema.